Picha za filamu: maswali yenu ya kuosha, kuprinti na kubadilishana

Maji ya bomba hapa Kisumu yanafika digrii 26. Negativu zangu zinatoka nyeusi mno, na picha ni nyeusi na nyeupe tupu, hakuna kijivu. Nizimue dawa zaidi? (Msomaji, Milimani)

Dawa iache, shughulika na joto. Dakika zinazoandikwa kwenye pakiti kwa kawaida ni za digrii 20, na kila digrii inayozidi inazipunguza kwa karibu asilimia 10. Filamu ya HP5 Plus kwenye dawa ya ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huoshwa dakika 13 kwa digrii 20. Kwa digrii 24, dakika 9 hivi zinatosha. Kung'ang'ania 20 mchana wa Februari ni kumaliza barafu bure. Lenga 24: simamisha chupa zote kwenye karai la maji, tumbukiza barafu iliyofungwa kwenye mfuko, usubiri kipimajoto kitulie. Barafu isiingie kwenye dawa yenyewe. Ukiona hesabu inashuka chini ya dakika 5, poza zaidi, la sivyo dawa haitaenea sawasawa na anga litatoka na mabaka. Maji ya kusuuza nayo yawe na joto lilelile; utando wa filamu ukilowa kwenye maji moto hulainika, hata ukucha unauchuna.

Nikianika filamu, inabaki na madoa meupe ya mviringo. Halafu maji yenyewe ni ya mgao. (Msomaji, Nakuru)

Hayo ni madini ya maji yaliyobaki tone lilipokauka. Suuza ya mwisho tumia maji ya betri, yale ya petroli stesheni. Soma chupa kwanza, kwa maana asidi ya betri huwa iko papo hapo. Tia mililita 1.5 za Ilfotol (dawa inayofanya maji yateremke bila kuacha matone) kwa kila mililita 300, loweka nusu dakika, anika bila kupangusa. Filamu iliyokwisha kuchafuka irudishe kwenye maji hayo dakika 10, madoa mengi yatatoka.

Kuhusu mgao, huhitaji bomba la kutiririka. Baada ya fiksa (dawa ya kudumisha picha) ya aina isiyokaza utando, jaza tangi la filamu maji, ligeuze mara 5, umwage. Jaza tena, mara 10. Kisha mara 20. Basi.

Tuko wanane, kila mmoja anaprinti nakala nane ili tubadilishane. Zangu hazifanani hata kwa dawa ile ile na sekunde zile zile. (Msomaji, Kakamega)

Tunashuku stima. Balbu ya kawaida ya mashine ya kukuzia ikikosa asilimia 5 ya volti, yaani 240 ishuke hadi 228, mwanga wake hupungua kwa karibu sehemu ya sita. Picha ya sekunde 15 sasa inataka 18. Tena mwanga huo huwa wa manjano zaidi, kwa hiyo karatasi ya maltigredi (ile ambayo rangi ya mwanga hubadilisha kontrasti yake) hutoa picha yenye kontrasti ndogo. Saa moja hadi tatu usiku, mtaa mzima ukiwa na pasi na majiko, ndiyo saa mbaya kabisa. Nunua stabilaiza (kifaa cha kutuliza volti), au uprinti usiku wa manane.

Pili, printi nakala zote kwa mkupuo mmoja, karatasi za boksi moja. Karatasi ya plastiki (karatasi ya picha iliyopakwa plastiki) ikae kwenye divelopa, dawa ya kutokeza picha, sekunde 60 kamili. Ukiitoa kwa sekunde 40 kwa sababu "imeshaiva", nyeusi itakuwa ya kijivu. Taa nyekundu hudanganya macho, saa haidanganyi. Kila baada ya nakala nne, weka ya kwanza kando ya ya mwisho kwenye mwanga mweupe, zote zikiwa zimelowa. Usilinganishe mbichi na kavu: karatasi ya nyuzi (isiyopakwa plastiki) hasa huwa nyeusi kidogo zaidi ikikauka.

Nitumeje picha kwa matatu bila kukunjika? (Msomaji, Kitale)

Zikauke kabisa usiku kucha. Uso wa picha usigusane na uso wa nyingine, weka karatasi nyeupe katikati. Zikipata unyevu na joto la buti zitagandana na hazitabanduka. Kadibodi mbili zizidi picha sentimita 2 kila upande, mistari ya ndani ya moja ikiwa wima na ya nyingine mlalo, halafu plastiki juu. Jina liandikwe nyuma, pembeni, kwa penseli laini kwenye karatasi ya nyuzi. Karatasi ya plastiki haishiki penseli, tumia kalamu ya wino usiofutika. Biki huacha mfinyo unaoonekana mbele.