Umepangiwa kituo cha kijijini? Soma haya kabla mwezi wa kwanza haujaisha

Wenzako watakucheka. Askari akipangiwa kijijini, waliobaki mjini humwambia anakwenda kupumzika, huko hakuna kesi, atarudi na kitambi. Mimi mwezi wangu wa kwanza kwenye kituo kidogo cha kijiji ulikuwa na kazi tele, ila haikufanana sana na ile tuliyofundishwa chuoni. Ujambazi haukuwepo. Kulikuwa na mipaka ya mashamba, mifugo iliyoingia kwenye mazao ya jirani, ngumi za walevi, simu zilizopotea, na watu waliokuja kituoni kwa sababu hawakujua pengine pa kwenda.

Anza kwa miguu. Hata kama umepewa pikipiki, iache kwanza. Ukipita na pikipiki utapungiwa mkono basi. Ukipita kwa miguu mtu atakusimamisha, ataanza na salamu, ataingia habari za mvua, na ukiwa na subira atafika kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1981 huko Newark, Marekani, zilitolewa takwimu za majaribio ya doria za miguu: uhalifu haukupungua kwa kiasi cha kujivunia, lakini wakazi walijiona salama zaidi. Kuna maofisa wanaoona hayo ni matokeo hafifu. Kwangu ni makubwa, kwa sababu mtu mwenye hofu hatoi ushahidi.

Ukishazoea njia, pita nyumba hadi nyumba. Zote. Japani wana vituo vya vijijini viitwavyo chuzaisho, askari anaishi hapohapo na familia yake, na kutembelea kaya ni sehemu ya kazi yake ya kawaida. Sababu yangu ya kukusisitizia hili si urafiki. Kijijini kila anayekanyaga mlango wa kituo ameonekana, na kabla ya jua kuzama watu wanabishana alikwenda kumsema nani. Ukiwa na desturi ya kupita kila nyumba, ukikaa kwa mtu nusu saa hakuna atakayeshangaa, na yeye atasema alichokiona bila kuchorwa kuwa ndiye mchongezi. Ukienda kwake peke yake, tena siku moja baada ya tukio, umemchongea wewe.

Kitabu cha matukio kiandike hata kwa mambo yanayoonekana ya kipuuzi. Mama fulani kalalamika jirani kasogeza jiwe la mpaka: andika. Jirani kaja kulalamika kwamba anasingiziwa: andika. Siku mapanga yatakapotoka, mtuhumiwa atasema alishambuliwa ghafla na hana ugomvi na mtu, na kitabu kitaonyesha vinginevyo, kwa tarehe na saa.

Kuhusu saa, hapo usikubali mkato. Mzee mmoja alikuja asubuhi, "Mwanangu, wameniibia mbuzi usiku." Usiku una saa kumi na mbili. Saa hakuwa nayo, redio haikuwa na betri. Nikamuuliza, "Mzee, mara ya mwisho uliwaona lini?" Akasema aliamka kwenda kujisaidia, akawaona zizini, mwezi ndio kwanza unachomoza. Sasa mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 hivi kila siku. Usiku uliofuata nikasimama palepale uani kwake na saa yangu, ukatokeza saa saba na dakika ishirini. Kwa hiyo alipoamka ilikuwa yapata saa sita na nusu. Kulikuwa na kijana aliyeapa kwamba saa tatu usiku aliwakuta mbuzi wale wakizurura njiani na hakujua ni wa nani. Ilibidi aje ajieleze upya, na maelezo ya pili yalikuwa marefu zaidi ya yale ya kwanza. Usimwandikie shahidi saa ambayo hakuitaja. Mwulize mwezi, mbwa, jogoo, muziki wa jirani ulizimwa lini, kisha wewe ndiye utafute saa.

Eneo la tukio kijijini huharibiwa na wema wa watu. Pakitokea wizi, kijiji kizima kinakuja kusaidia, na kila mmoja anakuja na viatu vyake. Wape kazi ya kufanya mbali na hapo: huyu azuie watoto, yule akamwite mwenye nyumba. Alama ya kiatu kwenye udongo na mawingu yametanda? Ifunike kwa beseni, weka jiwe juu, mwachie mtu unayemwamini alinde. Vifaa vya wataalamu vitafika baadaye, vikifika. Beseni lipo kila nyumba.

Jambo litakalokutesa kuliko yote ni neno "tumalizane." Na mara nyingi wana haki. Ng'ombe kala mahindi, mwenye ng'ombe amekubali kulipa, mwenye shamba ameridhika: waandikishe makubaliano, watie saini mbele ya mashahidi, kila mtu aende nyumbani. Kuwapeleka mahakamani ni kuwapotezea msimu wa kilimo.

Lakini mwanamke aliyepigwa na mtoto aliyeingiliwa, hayo si ya kumalizwa barazani. Wazee watakuja kwa heshima zote, "Afande, hili ni la ndani, tuachie sisi." Waheshimu, wakaribishe viti, na uendelee na kazi yako. Mwathirika msikilize peke yake, si mbele ya mume wala mama mkwe. Apelekwe kwa mganga wa zahanati au hospitali haraka, maana majeraha hupona na ushahidi wa mwilini haudumu. Kama ni ubakaji, asioge wala kufua kabla ya kupimwa, na nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Kwenye plastiki unyevu unazioza. Siku chache baadaye huenda akarudi kusema anafuta malalamiko. Andika hilo pia, na uandike amekuja na nani, nani amemsemea, na kama aliinua macho. Kisha peleka jalada mbele kama kawaida. Uamuzi wa kulifunga si wako, na ukilisema hilo wazi tangu mwanzo, unapunguziwa hata wageni wa usiku.

Zawadi zitakuja. Mayai, mkungu wa ndizi, lifti. Mimi nilikataa zote kwa tabasamu lilelile, hata za watu wasio na neno, ili nisilazimike kueleza kwa nini ya fulani nimeipokea na ya mwingine nimeirudisha.

Usiende peke yako usiku kwenye ugomvi wenye silaha. Msaada uko mbali, na kila mtu kijijini anajua hivyo, akiwemo mwenye panga. Mwambie mkuu wako unaelekea wapi kabla ya kutoka, siyo ukiwa njiani mtandao umekata.

Mwisho wa mwezi utaandika ripoti, na safu ya kesi zilizofikishwa mahakamani itakuwa na tarakimu ndogo ya kutia aibu. Usiiongezee kwa kukamata walevi. Andika kurasa za ziada: nani hawasalimiani, mpaka upi unabishaniwa, kijana gani amerudi kutoka mjini na pesa zisizojulikana zimetoka wapi. Mkuu wangu aliuliza kwa nini kijiji kisicho na kesi kina ripoti nene kiasi kile. Nikamwomba asome ukurasa wa mashamba ya bondeni, na anipe askari wa pili wiki ya kwanza ya kulima, maana hapo ndipo watakapopigana. Alinipa, kwa shingo upande.