Mwendo wa kutunza mpaka kwenye mtungi: jibu kwa dada aliyeuliza kuhusu maji

Dada, umesema chupa yenye alama za saa unayo, simu inakulilia kutwa, na bado magharibi ikiingia kichwa kinakuwanga na chupa haijafika nusu. Ukauliza kama ni kweli kuna watu wanaoyaendea maji ya kunywa kwa kucheza ngoma, au ni maneno tu. Ni kweli. Mimi ni mmoja wao, na jambo hili limenifaa sana.

Kazi yangu ni cherehani, hapa Unguja. Fundi akishazama kwenye mshono hasikii kiu. Sikukuu zikikaribia hata njaa huisahau. Kengele ya simu unaizima kwa kidole na mguu haujatoka kwenye pedali. Naona kasoro ya kengele ni kwamba inaamrisha, na mtu mzima hapendi kuamrishwa ndani ya nyumba yake. Mwili uite kwa kitu unachokipenda. Mimi napenda taarabu.

Umewahi kumtazama vizuri mwanamke anayekwenda kutunza, yaani kumzawadia mwimbaji wa taarabu noti? Wimbo umemgusa, anainuka kitini, noti iko juu kwenye vidole, wala haendi moja kwa moja kwa mwimbaji. Anazunguka kidogo, bega linaitikia fidla, hatua fupi fupi, nyayo haziachi sakafu. Mwendo wa hatua chache unaweza kumaliza ubeti mzima na hakuna anayemharakisha. Basi huo ndio mwendo wangu kutoka kwenye cherehani mpaka kwenye mtungi, bilauri tupu ikiwa mkononi mahali pa noti.

Muziki ninaoutumia ni bashraf, zile ala tupu ambazo vikundi vyetu hupiga kufungulia shughuli kabla ya waimbaji. Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, wanazo, na Culture Musical Club cha mwaka 1958 pia wanazo. Bashraf haina maneno, kwa hiyo akili haipati kisa cha kufuata. Inabaki kwenye pumzi na mikono.

Mikono nimeitoa kwenye lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani aliyoicheza bibi yangu. Wanasimama safu moja, wamevaa sare, miguu karibu haijongei, na kazi yote iko kwenye viganja, vifundo vya mikono na shingo. Kufunua mtungi, kuteka kwa kata, kumimina, kufunika: kila kimoja nakipa mkunjo wake wa kiganja. Kumimina ndiko kuzuri kuliko vyote. Kata inapanda polepole mkono wa kulia, bilauri inashuka mkono wa kushoto, uzi wa maji unarefuka, na sauti yake inabadilika kadiri bilauri inavyojaa. Hapo hata mwenye deni husahau deni lake kidogo.

Kisha ngoma inasimama. Hili nalisisitiza: usicheze huku ukimeza. Koo linapomeza, njia ya hewa hujifunga kwa muda mfupi. Mwili ukiwa unayumba na pumzi ziko juu, ni rahisi kupaliwa. Mimi nakaa, natamka bismillahi, nakunywa kwa mkono wa kulia kwa pumzi tatu, nikiondoa chombo mdomoni kila ninapopumua, kama tulivyofundishwa katika Sunna. Asiye Mwislamu naye utaratibu huo utamtuliza. Nikimaliza namshukuru Mungu, kisha narudi kazini kwa mwendo ule ule.

Kiasi usikifanye mashindano. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2010 ilikadiria lita 2 kwa siku kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanamume, na wamehesabu humo vinywaji vyote pamoja na maji yaliyomo kwenye chakula. Kwa hiyo uji, mchuzi na dafu vimo. Joto la kaskazi likikutoa jasho, ongeza. Mkojo wa manjano hafifu utakuonyesha uko sawa. Ila usifidie usiku, kwa mkupuo, yale uliyoyakosa mchana. Figo hutoa takriban lita moja tu kwa saa, na ukizidisha sana chumvi ya damu hushuka, nayo ni hatari. Ndiyo maana Ramadhani nayagawa kati ya futari na daku. Mgonjwa wa figo au moyo aliyepewa kipimo na daktari asikivuke kwa ajili ya ngoma.

Mtungi si lazima, lakini mimi siuachi. Udongo una vinyweleo. Maji kidogo hupenya, yakikauka nje huondoka na joto, ndiyo maana ubaridi wake hauumi meno. Masika, hewa ikiwa na unyevu, hupoza kidogo tu. Kabla ya kuujaza naufukiza ubani kama alivyofanya mama, ila maji nayachemsha kwanza, maana ubani unatia harufu, hauui vijidudu. Na kata iwe na mpini mrefu, vidole visiguse maji.

Ofisini kwenu kwenye watu wengi, cheza ukiwa kitini: shingo, bega, kifundo cha mkono. Lelemama haihitaji nafasi.

Umeniuliza pia kuhusu mama yako, kwamba umri umekwenda na kila ukimpa maji anasema hana kiu. Hasemi uongo. Hisia ya kiu hupungua uzeeni, mwili unaweza kupungukiwa maji na mtu asijue, hivyo swali la "una kiu?" liache. Mwekee muziki wa ujana wake, kaa mkabala naye, anza mikono wewe. Mama yangu huanza kunisahihisha vidole kabla hata sijamwomba acheze, na kiganja chake kikishafunguka ndipo ninapomwekea bilauri. Ijaze nusu, mtetemo wa mkono usije ukamwaga, na umwache amalize pumzi zake tatu kabla hujaongeza.