Kabla Hujakubali Kwamba Hita Imekufa

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Moshi aliniandikia kwamba hita ya maji ya nyumbani kwake haijatoa maji moto tangu mwanzo wa Juni, na kwamba fundi aliyeitazama kwa dakika chache amemwambia anunue nyingine. Ujumbe huo ulinikaa moyoni siku nzima, kwa sababu maneno aliyoambiwa ndiyo niliyoambiwa mimi, nami niliyaamini.

Ninaishi Njiro, Arusha, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na asiyewahi kuoga huku alfajiri ya Juni, ukungu wa Meru ukiwa umelala juu ya mabati, anaweza kudhani kwamba maji moto ni anasa. Hita yetu ilipoacha kufanya kazi, mama yangu alikuwa amekuja kukaa nasi, na miguu yake huuma vibaya ikiguswa na maji baridi. Kwa siku tatu niliamka saa kumi na moja kuchemsha maji kwenye gesi na kuyabeba kwa ndoo hadi bafuni. Siku ya nne fundi alikuja, akafungua koki, akayagusa maji, akaligonga tangi kwa mpini wa bisibisi na kuniambia, “Dada, hii imekufa, usipoteze hela kuitengeneza.” Hakufungua hata kifuniko. Nilimlipa, nikanunua hita mpya kwa fedha nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya ada ya mtoto, kisha nikamlipa tena ili aifunge. Ile ya zamani niliiweka stoo, kwa sababu mkono wangu ulikataa kuitupa.

Miezi kumi baadaye hita mpya nayo ikapoa. Safari hii sikumwita mtu. Jioni mbili nilizokaa na kijitabu kilichokuja na hita sitazisimulia, ila niseme kwamba jioni ya tatu nilizima umeme kwenye breka, nikahakikisha kwa testa kwamba waya hazina moto, nikafungua kifuniko na kukuta kwenye themostati, yaani kifaa kinachodhibiti joto la maji, kitufe kidogo kilichochomoka. Kitufe hicho ni kinga: maji yakichemka kupita kiasi, kinakata umeme na kubaki kimekata mpaka mtu akirudishe kwa mkono. Nilikibonyeza, kikalia tak, nikarudisha kifuniko na kuwasha. Hita ya lita 50 yenye wati 1,500 huhitaji saa moja na nusu hivi kuyapandisha maji nyuzi 40, na kabla ya saa mbili kwisha mama alikuwa anaoga.

Usiku huohuo nilikwenda stoo na tochi, nikafungua kifuniko cha hita ya zamani. Kitufe chake kilikuwa kimechomoka. Kesho yake niliazima multimita, kifaa cha kupimia umeme, na kupima elementi, yaani chuma kinachopasha maji ndani ya tangi, ikasoma ohmu 35, kipimo hasa kinachotakiwa kwa wati 1,500 kwenye umeme wa volti 230. Haikuwa imekufa hata siku moja. Nilikaa kwenye sakafu ya stoo kwa muda mrefu, na nakiri kwamba uchungu ule haujaisha, kwa sababu ada ile niliimalizia kwa mkopo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anza kwenye mita ya umeme ya LUKU, si kwenye hita. Mita yangu huwaka taa yake nyekundu mara 1,000 kwa kila uniti moja, na idadi hiyo huandikwa kwenye mita yenyewe. Zima kila kitu nyumbani, washa hita peke yake maji yakiwa baridi, kisha hesabu. Hita ya wati 1,500 inayokula umeme itaiwasha taa hiyo mara 25 kwa dakika. Ukiona mwako huo na maji bado hayapati moto, umeme unafika, na tatizo lako huenda liko kwenye maji: pengine koki ya baridi inachanganya mahali fulani. Taa isipowaka kabisa, umeme unakatika njiani, na njia ni fupi: breka, swichi, themostati na kitufe chake, elementi. Ifuate kwa mpangilio huo, usiruke hata hatua moja, kwa maana anayeruka ndiye anayenunua asichohitaji.

Kitufe kikichomoka mara moja, kirudishe. Kikichomoka tena baada ya siku chache, usiendelee kukibonyeza kana kwamba unamnyamazisha mtoto, kwa sababu kuna jambo kinakueleza. Mara nyingi themostati imeganda na haikati tena, au elementi imezikwa kwenye tope. Sisi tunaopata maji kwa mgawo tunajua yanavyorudi yakiwa na rangi ya udongo, na udongo huo hutua chini ya tangi. Nilipoifungua ya zamani nilitoa tope la kujaza kopo la nusu lita.

Elementi ipimwe umeme ukiwa umezimwa na waya zake zikiwa zimefunguliwa. Multimita ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa ya umeme kupita, elementi imekatika. Kisha pima kati ya elementi na bati la tangi, ambako hakupaswi kuwa na njia hata kidogo. Ikionekana njia, umeme unavuja kuelekea kwenye maji unayoogea, na hapo usiwashe tena hata kwa dakika moja. Nyumba ambayo hita yake haina waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, isiguswe na asiye fundi, na hili silisemi kwa upole.

Valvu ya usalama inayodondosha maji wakati hita inapasha si ugonjwa. Maji hutanuka: lita 50 zikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka kwa robo tatu ya lita, na ziada hiyo lazima ipite mahali. Jirani yangu aliiziba kwa kipande cha mpira kwa sababu ilikuwa inalowesha ukuta. Nilimsihi aufungue mbele yangu, naye akaufungua, na sikuondoka mpaka nilipoona tone likidondoka tena.

Msomaji wa Moshi nilimwandikia hayo yote. Juzi alijibu kwamba alihesabu taa na haikuwaka, kitufe kilikuwa mahali pake, na elementi haikuwa na njia kabisa. Hakuigusa zaidi. Alimwita fundi mwingine na kumwambia moja kwa moja kwamba anataka elementi ya wati 2,000 na gasketi yake, wala si hita. Kabla haijafungwa, aliomba ipimwe mbele yake, akasubiri mpaka aone ohmu 26.