Mafuta ya thaimu: kunywa hapana, mtoto hapana, mengine tuzungumze

Mtoa mada, nimekuelewa hivi: umenunua chupa ya mililita 10 ya mafuta ya thaimu (ule mmea wa kiungo wenye majani madogo yanayonukia), mtu akakwambia udondoshe matone matatu kwenye maji ya uvuguvugu unywe kila asubuhi "kusafisha mwili", na usiku umpake kifuani mwanao wa miaka miwili akibanwa na mafua. Unauliza kama ni sawa. Nitajibu kwa kirefu kidogo, maana huu ni mwaka wangu wa sita kuwa na mafuta haya ndani ya nyumba, na mwaka wa kwanza karibu wote niliyatumia ovyo.

Kunywa, hapana. Mtoto, hapana. Hayo mawili weka pembeni kabisa, mengine tuzungumze.

Naanza na lililonikuta. Nilikuwa na kikohozi cha wiki nzima, usiku silali. Nikafungua chupa, nikamimina matone kama manane kwenye kiganja, nikajipaka kifuani hivi hivi bila kuchanganya na chochote. Dakika mbili za kwanza nilifurahi, nikahisi joto zuri, nikasema dawa imeingia. Dakika ya tano lile joto likageuka moto. Nikakimbilia bafuni kujimwagia maji, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba mafuta haya na maji hayapatani: badala ya kutoka, yalitelemka tumboni na moto ukashuka nayo. Kilichonisaidia ni mafuta ya kula. Nilijipaka mengi, nikafuta kwa kitambaa, nikarudia, kisha nikaosha kwa sabuni. Asubuhi nilikuwa na alama nyekundu yenye umbo la kiganja changu mwenyewe, hadi vidole unavihesabu. Ilichukua karibu wiki mbili kufutika. Kikohozi kilipona kwa wakati wake.

Sababu yake ni hii. Mafuta ya thaimu hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani na maua ya mmea, kisha mvuke ukapozwa na mafuta yakakusanywa. Kinachobaki kwenye chupa ni ule ukali wote wa mmea bila mmea wenyewe. Katika aina iliyozoeleka, karibu nusu ya mafuta inaweza kuwa kitu kimoja kiitwacho thaimoli, na mara nyingi ndugu yake kavakroli naye yumo. Zote mbili ni fenoli, yaani kundi la kemikali kali. Zinaua vijidudu kwelikweli, hilo si porojo, ila ngozi yako nayo ni kitu hai, na fenoli haziulizi hiki ni kijidudu au ni mtu.

(Kwa wanaoyaita "mafuta muhimu": hiyo ni tafsiri mbovu tu. Maana yake ni mafuta ya kiini cha mmea, yale yanayobeba harufu. Hakuna anayesema mwili wako unayahitaji.)

Sasa hoja ya kunywa. Aliyekushauri huenda atakwambia mbona thaimoli imo kwenye dawa za kusukutulia mdomo. Ni kweli imo. Listerine ya kawaida ina thaimoli asilimia 0.064. Soma hiyo namba tena: haifiki hata sehemu moja katika elfu moja, na bado maelekezo yanasema usukutue uteme. Chupa yako ina ukali wa mara mia kadhaa zaidi ya hapo, na wewe unaambiwa umeze. Halafu yale matone matatu kwenye glasi ya maji hayayeyuki, yanaelea juu. Kwa hiyo hunywi maji yenye thaimu kidogo. Unakunywa mafuta matupu yanayogusa mdomo, koo na ukuta wa tumbo kwanza, maji yanafuata nyuma.

Ukitaka kunywa thaimu, kunywa majani. Gramu moja au mbili za majani makavu, maji ya moto kikombe kimoja, funika dakika kumi, chuja. Kufunika ni muhimu kwa sababu harufu ndiyo yenyewe, ukiacha wazi inaondoka na mvuke. Chai hiyo ina historia ndefu ya kutumiwa kwa kikohozi chenye makohozi, na hata Shirika la Dawa la Ulaya linaitambua kama dawa ya jadi kwa kazi hiyo. Lakini ni majani. Watu wanasoma sifa za majani kisha wanazihamishia kwenye chupa, na naona nusu ya ushauri unaozunguka mitandaoni unatokea hapo.

Kuhusu mtoto sina mengi. Ngozi yake ni nyepesi, njia zake za hewa ni nyembamba, na harufu kali karibu na pua inaweza kumbana badala ya kumfungua. Na hatari kubwa zaidi ni chupa yenyewe. Akiimeza, usimtapishe, kwa sababu mafuta mepesi namna hii yakirudi juu yanaweza kuingia kwenye mapafu. Beba mtoto, beba na chupa, nenda hospitali. Mafua ya mtoto wa miaka miwili yakimbana hadi kupumua kunamsumbua, hilo nalo ni la hospitali, si la mafuta ya aina yoyote.

Basi mimi nayatumiaje?

Zaidi ya yote, harufu. Nina difyuza ndogo ya maji, kile kifaa cha kutawanya harufu chumbani, natia matone mawili ya thaimu na mawili ya limau, nawasha nusu saa, nazima. Dirisha linabaki wazi kidogo na mlango uko wazi. Mwanzoni nilikuwa nawasha usiku kucha, naamka kichwa kinagonga, nalaumu mto. Pua inazoea harufu haraka, unadhani imeisha kumbe chumba kimejaa. Je, inatibu kitu? Sijidanganyi. Chumba kinanukia safi, nikiwa na mafua nahisi pua imefunguka, na kile kitendo cha kukaa nusu saa bila simu huku harufu ikipanda nadhani kina sehemu yake katika kunituliza. Kwangu hayo yanatosha. Mwenye pumu ndani ya nyumba asijaribu kwa kuiga, harufu kali inaweza kumwamshia shambulio.

Kama una paka, soma hapa vizuri. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuvunja fenoli, kwa hiyo kinachokupendeza wewe kinaweza kumlimbikizia sumu yeye. Wangu nilimwona anatoka chumbani kila nikiwasha, nikadhani ana maringo. Siku hizi siwashi chumba alichomo, na simpaki chochote chenye mafuta haya, hata kwa viroboto.

Kupaka, nimerudi kupaka, ila miguuni na mgongoni tu na kwa kipimo. Wataalamu wa usalama wa mafuta haya wanaweka kikomo cha asilimia 1.3 hivi kwa thaimu yenye thaimoli nyingi. Mimi sifiki huko, naishia asilimia moja: matone sita kwenye mililita 30 za mafuta ya alizeti au ya mzeituni. Kabla ya kutumia mchanganyiko mpya napaka tone kwenye mkono kwa ndani, karibu na kiwiko, nasubiri siku nzima. Mjamzito, mwenye ngozi yenye ukurutu, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, wamuulize daktari kwanza.

Angalia pia lebo ya chupa yako. Jina la mmea liwe Thymus vulgaris au Thymus zygis, na pengine utaona herufi "ct" zikifuatiwa na neno lingine. Hizo zinakwambia kemikali gani imetawala. "Ct linalool" ni laini kwa ngozi kuliko "ct thymol", ingawa majani ukiyatazama kwa macho hutayatofautisha. Kama lebo imeandika "thyme" tu na picha ya ua, chukulia ni ile kali.

Kujifukiza kwa beseni: tone moja. Mimi nilitia matano, nikajifunika taulo, nikatoka macho yakichuruzika kama nimekata vitunguu gunia zima. Siku hizi nimeacha kabisa, beseni la maji ya moto mapajani si kitu cha kuchezea.

Kwenye usafi ndiko napoyapenda bila wasiwasi mwingi. Pipa la taka, sakafu ya bafu, kitambaa cha jikoni. Kosa la wengi ni kutia matone kwenye chupa ya kupulizia yenye maji matupu. Mafuta yanakaa juu, mrija unanyonya kutoka chini, unapuliza maji wiki nzima halafu siku ya mwisho unapuliza mafuta makali mezani. Changanya kwanza na kijiko cha sabuni ya maji, ndipo uongeze maji, na utikise kila mara.

Na usiache kile kidondoshio cha mpira kwenye chupa. Changu kilivimba kikawa kinanata kama ubani uliotafunwa, na vipande vyake vikaingia ndani. Rudisha kizibo chake cha asili, chupa ya kioo cheusi, mahali pa baridi pasipo jua. Yangu iko rafu ya juu kabisa ya kabati, mimi mwenyewe naifikia kwa kupanda stuli.