Vijana wa dizaini, tulieni na majina ya watu

Jana nimeletewa tena dizaini ya ukuta wa wafadhili, skuli mpya ya shamba, bati moja zima la stenlesi, majina mia na ushee, herufi nyembamba kama uzi. Ya tatu hii mwaka huu, wanangu. Nakupendeni ndo maana naandika, lakini kurudisha mafaili nimechoka.

1. Upepo wetu una chumvi. Stenlesi ya aina ya 304, ile ya kawaida, ukiifunga barazani karibu na pwani haichelewi kutoka madoa ya rangi ya chai, agizeni aina ya 316 inayostahimili chumvi zaidi, na skrubu nazo ziwe 316.

2. Khamis ni Khamis, usimgeuze Hamisi. Na majina matatu, maana Ali Juma Ali kijiji kimoja unaweza kuwakuta wanne.

3. Orodha. Hapa nakaa.

Nilipewa kazi ya skuli moja Pemba, orodha ikaja kwa Excel, safu ya jina, safu ya kiasi, na ya tatu "kwa niaba ya". Mie ile ya tatu nikaificha ili majina niyaone vizuri, nikakopi, prufu, ile nakala ya kukagua kabla ya kuchonga, nikaisoma peke yangu usiku, asubuhi faili liko kwa fundi wa leza. Siku ya ufunguzi akaja bibi mmoja na mjukuu wake. Bibi huyu alitoa pesa yake ya karafuu, ya msimu mzima, iwe sadaka jaria ya mwanawe aliyefariki, thawabu ziendelee kumfikia. Mjukuu anasoma, bibi kaweka kidole kwenye bati anafuata mstari kwa mstari, wakafika kwenye jina la bibi mwenyewe. Akamwambia, "Soma tena." Akasoma tena. "Hilo langu mie. Mwanangu yu wapi?"

Nilikuwa nyuma yao hatua mbili, kitambaa cha kufutia bati kimo mkononi. Nikamuomba radhi, akanambia hana neno, akaenda kukaa barazani kusubiri dua. Usiku ule nikaifungua ile safu, marehemu walikuwa kumi na mmoja. Na bati ni moja, mstari mmoja huubadilishi, lote likachongwa upya kwa pesa yangu, mpaka linapanda boti kwenda Pemba wiki sita zimepita, na wiki zote hizo watoto wanaingia darasani wanapita mbele ya jina ambalo mwenyewe hakuliomba.

Kwa hiyo vibati vidogo vidogo, kila jina na chake, skrubu mbili, likikosewa moja unafungua moja. Prufu iende kwa kamati ya skuli ikasomwe kwa sauti waliotoa wakiwepo, watie sahihi, ndo uchonge.

4. Daraja za dhahabu, fedha na shaba, kupanga watu kwa ukubwa wa pesa zao, mie sizitaki kwenye skuli. Elfu kumi ya mvuvi siku bahari imechafuka ni nzito, na waliobeba mawe na mchanga kwa vichwa vyao nao wana haki ya kibati. Pangeni kwa alfabeti.

5. Wako wanaotaka sadaka yao iwe siri baina yao na Mola wao. Ulizeni kwanza.

6. Chapisha majina kwenye karatasi kwa saizi ileile, bandika ukutani, muite mzee asome bila miwani.

Kijana wangu wa jana, faili nimekurudishia. Rudi kwa kamati uwaulize safu ya "kwa niaba ya" iko wapi, maana kwenye orodha yako sikuiona.