Kirikuu, Noah au Townace: gari gani libebe maji ya kuoshea magari?

Swali: Shikamoo fundi. Nimeosha magari kijiweni Sinza kwa miaka sita, sasa nataka kuwafuata wateja majumbani na maofisini: kuosha, kusafisha siti, kupiga polishi. Nitabeba simtanki la lita 500, mashine ya presha, jenereta, vakyumu, na kijana mmoja wa kunisaidia. Fedha yangu inatosha kirikuu, ile pikapu ndogo ya Kijapani, au Noah ya zamani. Townace naweza kuipata kwa kujibana sana. Kila ninayemuuliza ananiambia chukua kirikuu, haili mafuta na spea zake ziko kila duka. Nichukue gari gani lisilonisumbua?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujaangalia gari lolote, pima maji yako kwanza. Lita moja ya maji ni kilo moja. Simtanki lako likijaa ni nusu tani, na hapo hujahesabu tangi lenyewe, mashine, jenereta, mipira, madumu ya sabuni, wewe na kijana wako. Kwa makadirio yangu unakaribia kilo 750.

Sasa nenda nyuma ya kirikuu yoyote iliyobaki na maandishi yake ya Japani kwenye bodi. Katikati ya herufi zile utaona namba: 350kg. Wengi hudhani ni tangazo la muuzaji. Ule ndio mzigo wa juu kabisa ambao gari hilo limeruhusiwa kubeba kwao, na kirikuu tupu yenyewe ina uzito wa kama kilo 700 tu. Unataka kuipandishia mzigo unaolingana na mwili wake.

Najua utaniambia unaziona kila siku zimebeba matofali na viazi kupita hapo. Ni kweli, nami ndiye ninayeletewa beringi na springi zake. Ila mwenye viazi akifika sokoni anashusha, anarudi mtupu. Mzigo wako wewe haushuki. Mashine umeifunga kwa bolti, tangi linajazwa kila asubuhi, na siku nzima unatembea nao kwenye foleni ya Mwenge, klachi ikikanyagwa na kuachiwa. Injini ya cc 660 haikutengenezewa maisha hayo.

Halafu maji si mzigo uliotulia. Tangi likiwa nusu, ukifunga breki maji yanakimbilia mbele na kuisukuma gari. Ukikata kona yanalalia upande mmoja. Niliwahi kuletewa kirikuu yenye simtanki la lita 500 lililosimamishwa nyuma kabisa, karibu na mlango wa bodi. Mwenyewe alilalamika kwamba usukani umekuwa mwepesi mno. Haukuwa mwepesi kwa wema: mzigo wote ulikuwa nyuma ya ekseli ya nyuma, matairi ya mbele yalikuwa yameanza kuikosa barabara. Niliogopa kuiendesha hata mita mia.

Noah nayo haikufai kama unavyodhani. Ni gari la abiria. Wajapani wakipiga hesabu ya gari huweka kilo 55 kwa kila mtu, kwa hiyo Noah ya watu wanane imepangiwa kilo 440, dereva akiwemo, tena zikiwa zimesambaa kwenye siti zote. Ukizirundika sehemu moja kwenye springi zake laini za nyuma, gari linakaa kama mbwa aliyechuchumaa. Kibaya zaidi, unyevu utaingia chini ya zulia na sakafu italiwa na kutu bila wewe kuiona.

Kwa kazi uliyoniandikia, jibane uchukue Townace au Liteace ya bodi wazi, ya petroli, gia za mkono. Toleo lililoanza 2008 lina injini ya cc 1500 inayotumia cheni badala ya mkanda, na mzigo wake unaanzia kama kilo 750, kutegemea na aina. Soma namba iliyoandikwa kwenye gari lenyewe. Hiace inabeba zaidi, lakini ile ya paa refu inapita mita 2.2 kwenda juu, na wateja wako wa maofisini wengi wanaegesha chini ya majengo ambako haitaingia.

Hata ukiwa na Townace, usibebe lita 500. Mashine ndogo ya presha inatoa kama lita 8 kwa dakika. Ukisuuza mwanzo dakika tatu na mwisho dakika nne, ni lita 56. Ongeza ndoo moja ya kufulia vitambaa, unafika lita 75 kwa gari dogo. Magari matano ni lita 375. Tangi la lita 300 lililo fupi na pana, likawekwa nyuma tu ya kichwa cha gari, ukalijaza tena mchana, linakutosha. Mtengenezaji akiliwekea vizuizi ndani, maji hayatakimbia ovyo. Na tafuta dumu la pembeni la maji ya bomba ya DAWASA kwa suuzo la mwisho, maana visima vingi vya Dar vina chumvi, na chumvi ikikaukia juani kwenye rangi nyeusi mteja hatakuita tena.

Kama fedha imegoma kabisa na ni kirikuu, basi kazi ishuke ifuate gari. Dereva mmoja, kijana wako apande bodaboda, maji lita 150, na uanze na kazi za ndani na polishi, ambazo ndizo zenye faida na hazinywi maji. Hiyo naiunga mkono bila wasiwasi. Kirikuu inayobeba kilo 300 ni gari zuri sana.

Ukishapata gari, lala chini yake na tochi. Baadhi ya magari yametoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Gonga chesi kwa bisibisi, hasa pale springi za nyuma zinaposhikiliwa. Ikitoa sauti ya kufa au ikimenyeka magamba, ondoka, hata bei iwe tamu vipi. Gari la kuoshea linalowa kila siku, kutu ya leo haitakusubiri. Angalia pia maandishi ya tairi: yawe tairi za mzigo, zisiwe za gari dogo zilizolazimishwa kuingia. Jenereta lifungwe nje kwenye bodi, kamwe lisiwashwe ndani ya gari lililofungwa. Sumu iliyo kwenye moshi wake inaua na haionekani.

Na kabla hujatoa hela, mwombe muuzaji muijaribu na mzigo. Beba madumu 20 ya lita 20, yajaze maji, yapange mbele ya bodi. Hizo ni kilo 400 kwa Townace; kirikuu iishie madumu 15. Panda nayo vilima vya Goba, simama katikati ya mlima, kisha ondoka tena. Klachi isinuke, mshale wa joto usipande kupita kawaida yake, na wakati wa kushuka, breki isivute upande. Ukirudi, acha injini ingurume dakika kumi ukiwa umesimama, uangalie chini kama kuna kinachodondoka. Muuzaji akikataa madumu yasipande, hilo si gari lako.