Soko la kripto likishambuliwa, okoa kwanza kitufe cha kufuta oda

Wiki hii kijana mmoja anayeendesha soko dogo la kripto, yaani tovuti ya kununua na kuuza sarafu za kidijitali kama bitcoin, kaniandikia: "Dada habari, samahani kwa usumbufu. Tumetumiwa barua pepe, wanataka bitcoin la sivyo Ijumaa wanatuangusha. Tulipe?" Nilimjibu asilipe. Baadaye nikaona jibu hilo fupi halimsaidii mtu anayekesha akiingoja Ijumaa, nikaamua kuyaandika yote hapa. Na wewe unayepanga kufungua soko lako mwakani, soma, maana barua yako iko njiani.

Barua zenyewe si ngeni. Mwaka 2014 na 2015 lilikuwepo kundi lililojiita DD4BC, likidai bitcoin kwa vitisho vya kuangusha tovuti za watu kwa kuzimiminia mafuriko ya maombi mpaka zisifikike, na hao walikuwa wanaangusha kweli mpaka Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, ilipotangaza Januari 2016 kwamba wahusika wametiwa mbaroni. Wakafuata waigaji. Mwaka huohuo Cloudflare, kampuni ya kulinda tovuti, walieleza kuhusu watu waliokuwa wakitumia jina la Armada Collective: walitisha kampuni nyingi, lakini halikupatikana shambulizi hata moja walilolifanya. Kilichonichekesha ni kwamba anwani ileile ya bitcoin ilitumwa kwa watu tofauti, kwa hiyo wasingeweza hata kujua nani kalipa na nani hajalipa. Ukilipa hapo umetoa sadaka.

Wa kuogopa ni yule asiyeandika barua. Huyo hahitaji hela yako, anahitaji bei. Aprili 2013 Mt. Gox, lililokuwa soko kubwa kuliko yote ya bitcoin wakati huo, lilieleza mchezo wenyewe hadharani: mshambuliaji anauza bei ikiwa juu, analiyumbisha soko, watu wanaingiwa na hofu na kuuza, bei inaporomoka, kisha anaacha kushambulia na kuanza kununua. Siku chache baadaye bitcoin ilifika dola 266 na kuanguka, soko likazidiwa, na safari hiyo wakasema si shambulizi, ni wingi wa wateja tu. Ndivyo kazi hii ilivyo. Ukiwa mbele ya skrini, neema na balaa huja na mchoro mmoja, mstari unaopanda.

Sasa yetu. Sitalitaja soko nililofanyia kazi, waliokuwepo wanajijua.

Ulinzi wa mafuriko tulikuwa nao. Tulilipia kampuni inayokaa mbele yetu na kuchuja takataka, na hapo sina ubishi: mafuriko makubwa huwezi kuyazuia kwa seva zako mwenyewe. Agosti 2023 Google walipokea maombi milioni 398 kwa sekunde kupitia kasoro ya HTTP/2, utaratibu ambao vivinjari na seva huongea, mteja akifungua ombi na kulifuta papo hapo, akirudia bila kupumzika. Mwenye soko dogo akipigwa na hata chembe ya hapo hana la kufanya. Nunua ulinzi, tuendelee.

Ila sisi hatukupigwa na mafuriko. Bei ilikuwa imeanza kushuka, sote macho kwenye mchoro wa trafiki, na mchoro ulikuwa umetulia. Hata hivyo wateja walikuwa wanalalamika kuwa programu ya simu inazunguka tu. Mwenzangu mmoja akafungua kumbukumbu za hifadhidata na kukuta maswali ya aina moja yamejipanga foleni: nipe miamala yangu yote tangu akaunti ifunguliwe. Ombi lenyewe ni maneno machache, kulijibu ni kuisagisha hifadhidata nzima. Yalitoka kwenye akaunti halali, zilizosajiliwa zamani, zimeingia kwa nywila sahihi, kila moja ikiuliza polepole kama mteja wa kawaida. Mlinzi wa nje hakuwa na sababu ya kuzizuia.

Kuzifunga akaunti zile hakukuwa kazi ngumu, na sitawachosha na saa zile za kukimbizana na akaunti moja moja. Nataka niseme kilichoniuma.

Injini ya kulinganisha oda, programu inayomkutanisha anayenunua na anayeuza, ilikuwa hai. Haikuguswa hata kidogo. Ilikuwa inapokea oda za wachache waliokuwa wameunganishwa tangu asubuhi kwa njia isiyopita kwenye ukurasa wa kuingilia, hasa boti, yaani programu zinazonunua na kuuza zenyewe, za wafanyabiashara wakubwa, na kuzilinganisha na oda za watu ambao wako nje mlango umewafungia. Elewa maana yake. Mtu aliweka oda ya kununua mchana, bei imeshuka chini ya pale, anataka kuifuta, anabonyeza, hakuna kitu. Oda yake bado iko kitabuni, kwenye orodha ya oda zinazosubiri, na boti linamuuzia. Huduma kwa wateja walipokea ujumbe ninaoukumbuka neno kwa neno: "Nafuta haifutiki nafuta haifutiki mnanila nikiona."

Nikasema tusimamishe soko, tubakize kufuta oda tu. Wakubwa wakakataa. Hoja yao ilikuwa kwamba tukisimama tutaonekana tumeanguka, na kwamba kwa kuwa injini inafanya kazi, kitaalamu tuko hewani. Kitaalamu! Niliwauliza wale ambao hawawezi kuingia wako hewani wapi. Mabishano yalikuwa marefu kuliko yalivyopaswa kuwa, na kila dakika iliyopita kuna mtu aliumia. Mwishowe tulisimamisha. Salio la kila mteja lilikuwa sahihi mpaka tarakimu ya mwisho ya desimali, na hilo najivunia mpaka leo. Lakini mitandaoni tuliitwa wezi, kwamba tumelizima soko kwa makusudi ili tule oda za watu. Niliyepigania lizimwe ni mimi, na matusi mengi kuliko ya wote niliyabeba mimi.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wengine wote, ushauri wangu unarudi palepale kila nikiuzungusha. Soko lililofunguliwa nusu ni dhuluma. Amueni mapema, kwa maandishi, kwamba wateja wasipoweza kufuta oda, soko linasimama, na anayelisimamisha ni mhandisi wa zamu bila kumpigia mtu simu. Hali ya kufuta oda tu iwepo kwenye injini tangu siku ya kwanza, na muijaribu siku ya utulivu.

Njia ya kufuta oda ipewe mlango wake: jina lake la tovuti, seva zake, isitegemee hifadhidata inayotunza historia. Historia ya miamala isomwe kwenye nakala, iwe na ukomo wa siku, na anayetaka zaidi atengenezewe faili atumiwe baadaye. Kikomo cha maombi kihesabu uzito wa swali pamoja na idadi, maana ombi moja la historia si sawa na ombi moja la kutazama bei. Bei yenyewe iweke kwenye kache, nakala ya muda inayojibu bila kuisumbua hifadhidata, haina siri.

Anwani ya IP ya seva zako halisi, namba inayozitambulisha mtandaoni, isijulikane. Watu wanajificha nyuma ya ngao, ile kampuni inayochuja takataka, huku rekodi za zamani za DNS, daftari linalogeuza jina la tovuti kuwa anwani, bado zinawaonyesha, au barua pepe za kuthibitisha usajili zinatoka kwenye seva ileile na anwani imo kwenye vichwa vya barua. Ukishakaa nyuma ya ngao badilisha anwani, kisha seva ikatae kila kitu kisichotoka kwenye ngao. DNS nayo weka kwa watoa huduma wawili. Oktoba 2016 kampuni ya Dyn, mtoa huduma wa DNS, ilipigwa na kamera na vifaa vya majumbani vilivyotekwa na programu hasidi iitwayo Mirai, na tovuti kubwa kama Twitter zikawa hazifikiki ingawa seva zake zilikuwa nzima.

Kufungua tena ni hatari kama kufunga. Boti za wateja zote zinajaribu kurudi sekunde ileile, na hizo peke yake zinatosha kukuangusha upya. Tangaza saa ya kufungua, kwenye ukurasa uliohifadhiwa kwingine kabisa. Anza na kufuta oda, kisha oda mpya zinazokaa kitabuni bila kulinganishwa mara moja, kisha soko zima. Kama unaruhusu biashara za mkopo, usifunge biashara ya mtu yeyote kwa lazima kabla hajapewa muda wa kuingia na kuongeza dhamana. Najua mtapoteza hela hapo. Ninyi mnaotumia bajeti nzima kwenye matangazo na kumwachia mhandisi mmoja mlango wote, kubalini kuzipoteza, za wateja si zenu.

Na wakati wote huo awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kutazama tu sarafu zinazotolewa kwenye akaunti za wateja. Kelele za mlangoni wakati mwingine ni za kuwavuta wote upande mmoja huku mwingine anajaribu nywila na maombi ya kubadilisha namba ya simu. Katikati ya shambulizi, akaunti iliyobadilisha nywila leo isitoe kitu leo, na pochi ya moto, ile iliyounganishwa na mtandao, iwe na kiasi kidogo tu. Mteja atalalamika. Mwambie atapata kesho, na kesho apate.